PVA, urea au epoksi? Kuchagua gundi ya upinde wa matabaka kwa kusoma ule ulioachia

Upinde wa matabaka, yaani upinde wa mishale uliojengwa kwa vipande vyembamba vilivyogundishwa, hauachii gundi kimyakimya. Kwanza hutoa mlio mdogo, "tik", kama kijiti cha kiberiti kilichovunjwa chumba cha pili. Ukiwa na haraka unajiambia ni upote tu unajikalisha kwenye ncha, unavuta tena. Mimi nilivuta tena. Mgongo (upande unaotazama shabaha) wa mwanzi, tumbo (upande unaomtazama mpiga upinde) la mbao ngumu ya hikori, majuma matatu ya kuranda na kupiga msasa, na mkono wa juu, ile nusu iliyo juu ya mshiko, ukafunguka kuanzia shibiri moja juu ya mshiko hadi karibu na ncha.

Nililaumu gundi. Ilikuwa PVA, ile gundi nyeupe ya mbao, kwa hiyo nikahamia epoksi, gundi ya resini inayochanganywa na kigumishi. Upinde wa pili ukaachia palepale. Siku hiyo ndipo nilipovipanga vipande vyote vinne chini ya taa na kuviangalia kwa makini. Nyuso zote zilikuwa laini, zinang'aa kama ukucha. Randa yangu ilikuwa butu: badala ya kukata mbao ilikuwa inaisugua na kuifunga vinyweleo, na gundi zote mbili hazikupata pa kuingiza mizizi.

Tangu hapo gundi nazilinganisha kwa swali jingine. PVA ya mbao, urea (gundi ya unga inayochanganywa na maji) na epoksi, kila moja ikitumika inavyotakiwa, hushika kuliko nyuzi za mbao zenyewe, kwa hiyo swali la ipi ina nguvu zaidi halinifikishi mbali. Ninachouliza ni kosa gani karakana yangu inaelekea kulifanya, na gundi ipi italisamehe.

Kwa nini kiungo cha upinde kinateseka kuliko cha kiti

Chukua daftari lenye kurasa nyingi, ulikunje. Utaona kingo zake zinapishana, kila ukurasa umeteleza kidogo juu ya mwenzake. Upinde ukivutwa unataka kufanya hivyohivyo. Mgongo unavutwa, tumbo linagandamizwa, na katikati ya unene matabaka yanataka kutelezeana. Gundi ndiyo inayoyazuia. Nguvu hiyo ya kutelezesha huwa kubwa zaidi katikati ya unene kuliko karibu na nyuso za nje, kwa hiyo upinde wa matabaka mawili ya unene sawa unaipa gundi mzigo mzito kuliko upinde wenye mgongo mwembamba wa mwanzi juu ya tumbo nene.

Ongeza hapo kwamba watengenezaji wengi hubana matabaka kwenye kalibu yenye mkunjo, ili ncha za upinde usiofungwa upote zielekee mbele kwenye shabaha. Mkunjo huo unashikiliwa na gundi peke yake, usiku na mchana, hata upinde ukiwa umetundikwa ukutani. Kiti hakiiombi gundi kazi ya namna hiyo.

Soma kwanza kilichoharibika

Kabla ya kununua kopo jipya, pasua kiungo kilichoachia mpaka mwisho kwa patasi na ukiangalie kwa mwanga wa pembeni.

Ukiona nyuzi za mbao zimeng'oka na kubaki upande wa pili, gundi imefanya kazi yake. Mbao ndiyo iliyoshindwa: labda mistari yake ilikuwa inakatiza ukingo wa upinde, labda mwanzi ulikuwa umerandwa mpaka ukabaki sehemu ya ndani iliyo laini. Hapo kubadili gundi ni kutibu mguu wa kulia wakati unaouma ni wa kushoto.

Ukiona gundi yote imebaki upande mmoja na upande wa pili ni mbao tupu, ule mtupu ndio uliokataa. Sababu ni chache: uso uliong'arishwa na kisu butu au msasa uliokwisha meno, alama za mikono yenye mafuta, au mbao yenye mafuta yake yenyewe kama mtiki na ipe, mti wa Amerika ya Kusini. Kuna jaribio rahisi sana ambalo naliamini: dondosha tone la maji kwenye uso. Likitandaa na kuanza kunywewa, uso uko tayari. Likikaa juu kama shanga, gundi nayo haitaingia. Piga msasa mpya namba 60 au 80, au buruta meno ya msumeno wa kukatia chuma juu ya uso mpaka upate mikwaruzo midogo ya urefu wote, kisha jaribu tone tena.

Ukiona gundi pande zote mbili, na juu yake bado kuna alama za mwiko au brashi uliyopakia, nyuso hizo hazikukutana kabisa. Ama palikuwa na mwanya, ama klampu hazikufika, ama gundi ilishatengeneza ngozi kabla hujafunga. Ukiona karibu hakuna gundi, rangi tu imebaki kwenye mbao, basi kiungo kilikufa njaa: gundi ilinywewa na mbao kavu, au iliminywa ikaishia sakafuni.

Alama mbili za mwisho ni za gundi yenyewe. PVA iliyokauka ikawa kama chaki inayopukutika ilipakwa kwenye baridi. Aina nyingi hazitengenezi utando imara chini ya nyuzi 8 au 10 za Selsiasi. Na epoksi inayoingiza alama ya ukucha baada ya juma zima ilichanganywa vibaya, wala kungoja zaidi hakutaigumisha.

PVA na epoksi, ana kwa ana

Tuanze na mgandamizo, kwa sababu hapo ndipo hizi mbili zinapoachana kabisa. PVA inataka kuminywa. Kwenye mbao ngumu inahitaji kama kilo 12 kwa kila sentimita ya mraba, na zaidi kidogo haidhuru. Fanya hesabu: mkono wa upinde una upana wa sentimita 4, klampu zako ziko sentimita 5 mbali mbali, kila klampu inahudumia sentimita 20 za mraba. Hiyo ni kilo 240 kwa klampu moja. Klampu za kubana kama kibanio cha nguo hazifiki hapo hata kwa mbali. Upinde wa sentimita 170 utataka klampu za skrubu zipatazo 34. Epoksi haitaki hayo. Inataka nyuso zigusane na zitulie, ikibaki kati yao tabaka la gundi la unene wa karatasi. Ukiibana epoksi kama unavyobana PVA unaifukuza, na unarudi kwenye kile kiungo kilichokufa njaa. Watu wengi wanaohama kutoka gundi nyeupe huingia mtego huu kwa sababu mikono yao imeshazoea kukaza mpaka mwisho.

Mianya. PVA haijazi mwanya. Maji yake yakiondoka inasinyaa, na pengo la nusu milimita linabaki pengo lenye rangi. Epoksi iliyochanganywa na unga laini wa mbao hujaza mwanya mdogo na kuubeba. Ikiwa huna mashine ya kurandia na matabaka yako yametoka kwenye randa ya mkono, tofauti hii peke yake inatosha kuamua.

Muda. PVA inakupa dakika kama 10 tangu kupaka hadi kufunga, pungufu zaidi kwenye joto au upepo. Kupaka nyuso mbili za urefu wa mtu, kuzipanga na kukaza klampu 34 kwa dakika 10 kunahitaji watu wawili waliofanya mazoezi makavu, bila gundi, kwanza. Epoksi ya taratibu inakupa nusu saa au zaidi, ila joto likipanda kwa nyuzi 10 muda huo hupungua karibu nusu. Tena usiiache ikiwa nzito ndani ya kikombe, kwa maana inajipasha joto yenyewe na kuganda ghafla. Imwage kwenye sinia pana mara tu ukimaliza kuchanganya. Ile epoksi ya dakika 5 usiiguse kwa kazi hii. Haikupi muda na inalainika upesi kwenye joto.

Kutambaa. Hapa PVA ina udhaifu ambao lebo haiuelezi. Hata ikikauka, inabaki na unyumbufu, na chini ya mzigo wa kudumu inasogea polepole. Niliwahi kutoa kwenye kalibu upinde wenye mkunjo wa sentimita 5. Baada ya miezi michache, ikiwemo alasiri kadhaa ndani ya gari lililoachwa juani, zilibaki 2. Sehemu ya hasara hiyo ilikuwa ya mbao, maana tumbo lolote husinyaa kiasi kwa kugandamizwa, lakini pembeni niliona tabaka la mgongo limeteleza karibu milimita moja kwenye ncha. Wengi hununua chupa yenye alama D4, daraja la juu la viwango vya Ulaya vya EN 204, wakidhani imelitatua hili. D4 inaeleza ustahimilivu wa maji. Kutambaa chini ya mzigo ni jambo jingine. Kwa upinde ulionyooka, au wenye mkunjo mdogo, PVA ya D3 (daraja moja chini yake) au D4 ni gundi nzuri na sioni haya kuisema hivyo. Kwa mkunjo mkubwa, hapana.

Maji. PVA inaingiza maji ndani ya mbao. Tabaka jembamba la milimita 3 linavimba upande uliopakwa, linajipinda kama karatasi iliyolowa, na kingo zinataka kuinuka kabla hujabana. Baadaye, ukisawazisha kiungo kwa msasa kesho yake, mbao iliyo karibu na gundi bado imevimba. Ikikauka utaona mfereji mdogo kando ya mstari wa gundi. Lebo inasema saa 24, mimi nangoja siku 5 hadi 7 kabla ya kuupinda. Epoksi haina maji, lakini inachukia mbao yenye unyevu. Mbao ya upinde iwe na unyevu wa asilimia 6 hadi 9 hivi kwa gundi yoyote kati ya hizi.

Kuchanganya. PVA haichanganywi, na hiyo ni faida kubwa kuliko watu wanavyokiri. Epoksi inasamehe mianya lakini haisamehi vipimo. Uwiano wa ujazo si uwiano wa uzito, kwa sababu resini na kigumishi hazina uzito sawa. Lebo ikisema 1 kwa 1 kwa ujazo, ukatumia mizani, umeshakosea. Koroga dakika 2 au 3 ukikwangua kuta na kitako, kisha hamishia kwenye kikombe cha pili na ukoroge tena. Kile kilichobaki kimeganda kwenye kuta za kikombe cha kwanza hakikuchanganyika vizuri, usikikwangue ukakipaka.

Urea, ambayo huzungumzwa kidogo mno

Gundi ya unga ya urea-fomaldehaidi inachanganywa na maji, inafanana na uji mwepesi, na ikishakauka inakuwa ngumu kama kigae. Haitambai. Kwa upinde wa mbao tupu wenye mkunjo, ningeiweka mbele ya PVA bila kusita. Historia yake ni ya heshima: ndege ya kivita ya Uingereza iitwayo de Havilland Mosquito, ambayo mwili wake ulikuwa wa mbao, ilianza na gundi ya kasini itokanayo na maziwa, ikahamishiwa kwenye gundi ya urea kwa sababu kasini haikuhimili unyevu.

Masharti yake matatu ni magumu. Inataka joto, nyuzi 21 au zaidi, kwa saa 12 hivi mfululizo. Usiku ukiingia baridi katikati ya kukauka, unapata gundi iliyo ngumu nje na dhaifu ndani. Inataka mgandamizo na nyuso zinazokutana sawasawa kama PVA, maana ikiwa nene inapasuka vipasuko vidogo kama udongo wa bwawa lililokauka. Na unga wake unazeeka. Kopo lililofunguliwa likaachwa mahali penye unyevu hushika mabonge. Ukiyaona usichuje, tupa. Pia inatoa fomaldehaidi ikikauka na vumbi lake si la kuvuta, kwa hiyo madirisha wazi na barakoa wakati wa kupiga msasa.

Gundi nyingine nazipita haraka. Ya poliyurethani inayotoa povu hujaza mwanya kwa macho tu; povu halina nguvu. Ya ngozi ni gundi ya mabwana: pinde za Kituruki za pembe na mishipa zilishikiliwa na gundi za wanyama na kuachwa zikauke mwaka mzima na zaidi, na yumi ya Kijapani kwa jadi ilishikwa kwa nibe, gundi ya ngozi ya paa. Lakini inaganda ikipoa, unyevu unailegeza, na kwa tabaka la urefu wa mita na nusu utakuwa unashindana na saa. Nzuri kujifunza, si ya upinde wa kwanza.

Klampu au mipira ya tyubu

Chaguo la gundi na chaguo la kubania huenda pamoja. Mipira iliyokatwa kutoka tyubu za baiskeli ni rahisi kupata na kila mzunguko unaongeza nguvu juu ya uliotangulia, hata ukafikia mgandamizo mzuri sana. Tatizo lake linaonekana ukichunguza kwa karibu. Mpira ulionyooshwa unagandamiza pale tu unapopinda, yaani kwenye kona. Juu ya uso bapa unapita umekaza, lakini hausukumi chini. Matokeo yake kingo zinashika vizuri, katikati panabaki mwanya, nawe huoni kitu mpaka siku ya "tik". Mgongo wa mwanzi una mviringo wake wa asili, kwa hiyo mpira unaukumbatia wote. Kwa tabaka bapa, weka juu yake fito iliyorandwa ikabenuka kidogo katikati, ndipo uzungushe mpira.

Wajapani walilijua hili zamani: yumi hufungwa kamba urefu wote, kisha kabari za mianzi zinachomekwa chini ya kamba moja baada ya nyingine, na kwa kugonga kabari hizo fundi anabana na kuupinda kwa wakati mmoja.

Klampu zina tatizo la kinyume. Zinasukuma kwa nukta. Bila ubao wa kugawanya nguvu juu ya tabaka, unapata mabonde chini ya kila klampu na vilima kati yao, na mstari wa gundi unaonekana mnene, mwembamba, mnene, mwembamba. Ubao wa unene wa sentimita 1 unaopindika, na chini yake kipande cha mpira, unalimaliza hilo. Anza kukaza katikati kwenye mshiko, enda ncha moja, kisha nyingine, ili gundi ya ziada ipate njia ya kutoka. Ukianza na ncha zote mbili, unaifungia gundi katikati na tabaka linainuka kama kiputo.

Njia ya tatu ni mpira wa maji wa zimamoto uliojazwa upepo ndani ya kalibu ya vipande viwili. Ndiyo inayogawa nguvu sawasawa kuliko zote, kama kilo 4 kwa sentimita ya mraba, na inaoana na epoksi vizuri mno. Kwa PVA au urea kwenye mbao ngumu ni kidogo. Zingatia lakini kwamba kilo 4 kwenye upinde wa sentimita 170 kwa 4 ni karibu tani 3 zinazotaka kuifumua kalibu. Bolti zake zisiwe za kubahatisha.

Sehemu zinazoachia mara kwa mara

Mshiko unaongoza. Pale kipande kinene cha mshiko kinapokwisha ndani ya matabaka, ulimi wake unatakiwa upungue mpaka uwe mwembamba kama karatasi, uweze kuinamishwa kwa kidole. Ulimi ukikatika ukiwa na unene wa milimita 1, tabaka la juu haliwezi kushuka ghafla namna hiyo. Linaacha pembetatu tupu mbele yake, na ufa huanzia ndani ya pembetatu hiyo. PVA haiwezi kuijaza, urea itaijaza ikapasuka. Hapa hata wapenzi wa PVA hufanya vizuri kutumia epoksi yenye unga wa mbao.

Kuteleza kunafuata. Gundi mbichi inateleza kama mafuta. Ukikaza klampu ya kwanza tabaka linakwenda pembeni. Toboa tundu dogo katikati ya mshiko na lingine kila ncha, nje ya sehemu itakayobaki, uingize vijiti vya mbao. Funika kalibu kwa nailoni, na usiifunge nailoni hiyo kuzunguka kingo za upinde ikazuia gundi isitoke.

Joto nalo linakosewa. Sanduku la kupashia lenye balbu linaisaidia epoksi kukomaa, na iliyokomazwa kwa joto huhimili gari lililo juani kuliko iliyokauka kwenye ubaridi wa chumba, ambayo huanza kulainika karibu nyuzi 50 hadi 60. Ila ukiifikisha nyuzi 60 mara moja, epoksi mbichi inakuwa nyepesi kama maji na kukimbia. Iache ishike kwanza kwenye joto la kawaida, kisha pandisha polepole kwa kufuata lebo yake.

Kwa mbao ya mafuta, futa kwa asetoni kwa kitambaa kisafi mpaka kitambaa kisichukue rangi tena, ngoja ikauke, paka gundi muda huohuo. Ukiacha hadi kesho, mafuta yatakuwa yamerudi juu.

Kuziba ufa au kujenga ukuta

Methali inatuhimiza kuziba ufa mapema, na kwa upinde ina ukweli nusu. Ufa wa ncha, usiozidi upana wa vidole viwili, unaweza kuuponya: pindua mkono kidogo ili ufa ufunguke, tiririsha supaglu nyepesi sana, achia, bana, kisha zungushia uzi ulioloweshwa gundi. Gonga kwa sarafu kuanzia sehemu nzima hadi yenye ufa. Sauti ikibadilika ikawa butu kabla hujafika unapouona ufa, ujue umefika mbali kuliko macho yanavyosema.

Ufa wa katikati ya mkono usiuzibe. Gundi mpya haishiki juu ya mabaki ya PVA, na nguvu ya kutelezesha iko pale pale. Tenganisha: PVA na epoksi nyingi hulainika kwa pasi ya moto na mwiko mwembamba, urea hailainiki, itabidi upasue kwa msumeno. Randa mpaka mbao safi, anza upya. Na upinde unaoushuku usiuvute kwa mikono mpaka usoni. Uvute kwa kamba na kapi ukiwa umesimama pembeni, umevaa miwani.

Ningechagua hivi

Una klampu za kutosha, randa kali, upinde ulionyooka: PVA ya D3 au D4, na usisumbuke na kemia. Una kalibu yenye mkunjo mkubwa, nyuso zilizokutana sawasawa na chumba unachoweza kukiweka joto usiku kucha: urea. Una mipira ya tyubu, matabaka ya randa ya mkono, mshiko wa kuunganisha, au mbao ya mafuta: epoksi ya taratibu.

Nikilazimika kumshauri mtu anayeanza bila kuijua karakana yake, ningemwambia mgongo wa mwanzi, mipira ya tyubu na epoksi, kwa sababu makosa ya mikono mipya ni mianya na mgandamizo usio sawa, na hayo epoksi huyabeba. Kabla ya kuchanganya, bana yote makavu na uyainue mbele ya dirisha. Mwanga ukipenya kati ya matabaka, rudi kwenye randa. Kikombe kilichobaki na epoksi usikitupe. Kiandike tarehe, joto la chumba na uwiano, ukiweke kando ya kalibu. Kesho yake kibonyeze kwa ukucha kabla hujalegeza hata mpira mmoja: kikiingia alama, upinde nao bado.